Mstari Usio na Msemaji: Tathmini ya Fikra za Jacques Ellul Kuhusu Neno na Teknolojia kwa Kurejelea Matumizi ya Maandiko Miongoni mwa Wakristo Wasemao Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inatathmini hoja ya mwanafikra Mkristo wa Ufaransa, Jacques Ellul, katika kitabu chake La Parole humiliée (1981), kwamba ustaarabu wa kiteknolojia umelishusha hadhi neno na kuitukuza taswira. Hoja hiyo inapimwa kwa kurejelea namna Wakristo wasemao Kiswahili wanavyoitumia mistari ya Biblia katika simu, vyombo vya usafiri na mavazi. Makala inabainisha kwamba Ellul ameitambua hatari ya kweli, lakini hakuliona vizuri chimbuko lake. Kukatwa kwa Maandiko vipande vipande kulianza karne nyingi kabla ya simu. Na katika utamaduni wa Waswahili usemi mfupi uliotengwa si lazima uwe usemi uliokufa. Kinacholidhoofisha neno ni kutenganishwa na mtu anayelisema, anayewajibika kwalo na aliye tayari kujibiwa.

1.0 Utangulizi

Mkristo anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu hukutana na Maandiko mara nyingi kabla hajaifungua Biblia. Asubuhi simu humletea mstari wa siku kupitia programu kama YouVersion, iliyoanza kupatikana kwenye simu mwaka 2008. Katika kundi la WhatsApp la wanakwaya au la ukoo, mstari huohuo huja tena ukiwa umeandikwa juu ya picha ya machweo au ya maua. Njiani, daladala hubeba maandishi “Zaburi 23” kwenye kioo cha nyuma, bila neno lolote la zaburi yenyewe, kwa kuwa dereva anaamini kwamba namba pekee zinatosha. Duka la vifaa vya ujenzi huitwa “Ebenezeri”, jina la jiwe alilolisimamisha Samweli (1 Samweli 7:12).

Lipo lalamiko linalosikika mara kwa mara makanisani kwamba matumizi ya namna hii yamewafanya waumini waijue mistari na wasivijue vitabu. Lalamiko hilo lina uzito, lakini aghalabu hutolewa bila uchambuzi: simu hulaumiwa, kisha mjadala hufungwa. Makala hii inauliza swali lililo la msingi zaidi: ni nini hasa hulipata Neno linapoingia katika chombo cha kiteknolojia? Ili kulijibu, makala inaanza na Ellul, ambaye alilishughulikia swali hilo kama mwanazuoni na kama muumini, kisha inazipima fikra zake kwa kutumia dhana za fasihi simulizi ya Kiswahili, hususani uhusiano wa fanani na hadhira.

2.0 Hoja ya Ellul

Jacques Ellul (1912–1994) alizaliwa Bordeaux na kufundisha historia ya taasisi katika chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa muumini wa Kanisa la Kireformati la Ufaransa. Katika La Technique (1954) alidai kwamba teknolojia si mashine tu. Ni mwenendo mzima wa kutafuta njia yenye ufanisi mkubwa zaidi katika kila eneo la maisha, hadi njia inapolimeza lengo. Katika La Parole humiliée aliuelekeza uchunguzi huo kwenye lugha na imani.

Kiini cha kitabu hiki cha pili ni tofauti kati ya kuona na kusikia. Kwa Ellul, jicho humpa mtu uhalisi: vitu vilivyopo mbele yake, vyote kwa pamoja, bila kuacha nafasi ya swali. Neno hushughulika na ukweli. Hutoka kwa mtu, huja hatua kwa hatua katika wakati, na humwachia msikilizaji nafasi ya kushuku, kuuliza au hata kukataa. Ndiyo maana, kwa maoni yake, Mungu wa Biblia ni Mungu anayesema, na ndiyo maana sanamu zinakatazwa. Jamii ya kiteknolojia hupenda taswira kwa sababu taswira hufanya kazi haraka na haijibizani na mtu. Neno linapolazimishwa kufanya kazi kama taswira, hudhalilika.

Nguvu ya hoja hii iko katika kulifungamanisha neno na nafsi ya msemaji. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, mgawanyo wa jicho na sikio haumudu kuueleza mstari ulioandikwa juu ya picha, kwa kuwa huo ni neno na taswira kwa wakati mmoja. Pili, Ellul huiona teknolojia kama mfumo mmoja unaojiendesha, kiasi kwamba hubaki nafasi finyu ya kuchunguza yale ambayo watu wa utamaduni fulani hukifanyia chombo kinapofika mikononi mwao. Sehemu zinazofuata zinaushughulikia udhaifu huu.

3.0 Mstari kama Zao la Teknolojia

Mstari wenyewe ni zao la teknolojia. Waandishi wa Biblia hawakuandika kwa mistari yenye namba. Mgawanyo wa sura unaotumika leo huhusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury wa mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne katika toleo lake la mwaka 1551. Manufaa yake hayana shaka: mhubiri na msikilizaji waliweza kufika mahali pamoja kwa haraka. Lakini namba ilileta pia mazoea mapya ya kusoma. Sentensi iliyokuwa kiungo katika hoja ndefu ya Paulo ilianza kuonekana kama kitu kilichokamilika, chenye anwani yake yenyewe.

Kiswahili kilizipokea namba hizi pamoja na Biblia. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 na kuanza mapema kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Edward Steere na wenzake waliendeleza kazi hiyo Unguja, na Biblia nzima ikapatikana mwaka 1891. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 iliwaunganisha wasomaji waliokuwa wakitumia tafsiri zenye misingi ya lahaja tofauti. Hivyo, msomaji wa Kiswahili aliyejifunza Biblia kanisani na shuleni aliipokea ikiwa tayari imegawanywa. Alipofundishwa “mstari wa kukariri” katika shule ya Jumapili, alifundishwa kutenga, miongo mingi kabla ya simu ya mkononi.

Katika fasihi ya Kiswahili umewahi kutokea mwelekeo tofauti. Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki kutoka Ugogo, alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Umbo la utenzi lina matakwa yake. Beti hufuatana zikifungwa na kina kimoja cha mwisho, kisa husonga mbele, na kuna sauti ya msimulizi inayowaita wasikilizaji. Ubeti unaweza kunukuliwa peke yake, lakini umbo lenyewe humvuta msikilizaji aendelee. Kuitia Injili katika utenzi kulikuwa, pamoja na mengine, kuirudishia mfuatano na sauti. Jambo hili linaonesha kwamba Kiswahili kilikuwa na nyenzo zake za kukabiliana na tatizo analolieleza Ellul.

4.0 Jina la Khanga na Uhai wa Usemi Mfupi

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba usemi mrefu uko hai na mfupi umekufa. Utamaduni wa Waswahili unaikataa hitimisho hiyo kupitia khanga. Khanga ina pindo, mji na jina. Jina ni usemi mfupi ambao haukutolewa katika matini yoyote ndefu inayoonekana. Umechapwa kiwandani kwa maelfu ya nakala na husomwa kwa macho. Kwa vigezo vya Ellul, huu ungekuwa mfano kamili wa neno lililogeuzwa taswira.

Hali halisi ni tofauti. Chukua khanga yenye jina “Mungu hamtupi mja wake”. Mjane akipewa khanga hiyo na dada yake aliyelala naye mkekani siku zote za matanga, jina lile ni faraja. Khanga hiyohiyo ikivaliwa na jirani aliyekuwa na ugomvi naye, akapita nayo mbele ya mlango wake mara tatu kwa siku, jina lile ni kijembe. Maneno hayajabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani anamwambia nani, lini na kwa nia gani. Aidha, mpokeaji anaweza kujibu: atafute khanga yenye jina la kumjibu jirani, au aende kumuuliza dada yake maana. Methali huenda vivyo hivyo. Mzee hutoa methali katikati ya shauri, na mwenzake aweza kumjibu kwa methali nyingine.

Kwa istilahi za fasihi simulizi, usemi mfupi hubaki hai pale fanani na hadhira wanapofahamiana na kujibizana. Dhana hii inairekebisha hoja ya Ellul kwa kutumia msingi wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba neno ni la mtu. Kama ni hivyo, kipimo cha kudhalilika kwa neno si mlango wa fahamu linamopitia, jicho au sikio. Kipimo ni kama neno hilo bado lina mtu.

5.0 Mistari Mitatu

Kipimo hiki kinaweza kujaribiwa kwa mistari mitatu inayosambazwa sana.

Mstari wa kwanza ni Yeremia 29:11, unaohusu mawazo mema ambayo Mungu anawawazia watu wake. Hutumwa kwa wahitimu, kwa wanaofungua biashara na kwa wanaotafuta kazi. Katika kitabu chake, mstari huu ni sehemu ya barua iliyoandikwa kwa watu waliohamishwa kwenda Babeli. Mstari wa 5 hadi wa 7 huwataka wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka. Mstari wa 10 hutaja miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile alielewa kwamba hatarudi nyumbani. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini iliahidiwa taifa, na matunda yake yangeonwa na wajukuu.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba sura hiyohiyo inaeleza namna barua ilivyosafiri. Ilichukuliwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia (29:3). Ilikuwa na mwandishi anayejulikana na wajumbe wanaojulikana. Zaidi ya hayo, ilijibiwa. Shemaya Mnehelami, mmoja wa waliokuwa Babeli, aliandika Yerusalemu akilalamika kwamba Yeremia hajakaripiwa kwa kusema uhamisho utakuwa mrefu (29:24–28). Neno la Yeremia lilikuwa na gharama kwake kwa sababu lilikuwa na mtu wa kuulizwa. Kijana anayeupokea mstari wa 11 peke yake husoma ahadi ya wiki yake, na kazi isipopatikana hana wa kumuuliza. Hubaki na njia mbili: kudhani kwamba Mungu amesema uongo, au kudhani kwamba imani yake mwenyewe ina kasoro. Zote mbili zimewaumiza watu.

Mstari wa pili ni Wafilipi 4:13, unaobandikwa kwenye magari na kunukuliwa na wanamichezo kama tamko la uwezo usio na mpaka. Mstari unaoutangulia husema kwamba Paulo amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aliandika akiwa kifungoni (1:13). Uwezo anaouzungumzia ni uwezo wa kustahimili hali yoyote. Mara baada ya hapo anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, na kwa msaada wao uliofikishwa na Epafrodito (4:14–18). Hata nguvu zile zilikuja pamoja na watu.

Mstari wa tatu unatoka katika Zaburi 91, nao unatenguliwa na kujengwa ndani ya Biblia yenyewe. Katika Mathayo 4:6 ni mjaribu anayeunukuu. Nukuu yake ni sahihi kwa sehemu kubwa, ila inaacha maneno yanayohusu kulindwa katika njia zote za mtu. Inafaa kuzingatia jibu la Yesu. Hasomi zaburi nzima ili kumsahihisha. Anajibu kwa mstari mmoja, Kumbukumbu la Torati 6:16. Hii ina maana kwamba kuutenga mstari si dhambi yenyewe. Tofauti ni kwamba mjaribu anautumia mstari kumsukuma mwingine aruke, wakati yeye mwenyewe hahatarishi chochote. Yesu anautumia kujifunga mwenyewe, baada ya njaa aliyoipata katika jangwa linalofanana na lile ambalo sura ya 6 hadi ya 8 za Kumbukumbu la Torati hulikumbuka.

Mfano wa rafiki zake Ayubu huikamilisha hoja hii. Mengi waliyoyasema yangeweza kuandikwa juu ya picha ya machweo na kupokelewa kwa “Amina”. Hata hivyo, Elifazi na wenzake wawili wanakemewa kwa kutosema yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Jambo lao jema zaidi lilikuwa lile la kwanza: kukaa chini pamoja naye siku saba bila kusema neno (2:13).

6.0 Nani Atajibu?

Kutokana na uchambuzi huu, tatizo la mstari unaosambazwa kwa simu linaweza kutajwa kwa usahihi zaidi. Mstari wa siku humfikia msomaji bila yeye kujua nani ameuchagua na kwa nini. Picha yenye mstari hutumwa kutoka kundi moja kwenda jingine, na kila anayeituma hujihesabu kuwa mpitishaji tu. Methali husema mjumbe hauawi. Hapa methali hiyo imegeuzwa kichaka cha kujifichia. Mfiwa hupokea picha ileile kutoka kwa watu 40, na mahali pa kuketi kando yake pakabaki patupu. Amepata maneno, hakupata msemaji.

Linganisha hali hiyo na jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa AMECEA walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976. Mbinu inayotumika katika jumuiya nyingi ni Hatua Saba za kushirikishana Injili, zilizotokana na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Baada ya somo kusomwa, washiriki huchagua neno au kifungu kifupi kilichowagusa na kukitamka kwa sauti. Huko ni kutenga, tena kwa makusudi. Lakini somo husomwa tena, ukimya hufuata, kila mmoja hueleza kilichomgusa, na mwishoni huulizwa nani atamtembelea mgonjwa na nani atasaidia familia iliyopungukiwa. Kipande kimetoka katika matini, kimepita kinywani mwa mtu mwenye jina, kikarudi katika matini na kutoka tena kama kazi ya kufanywa.

Vilevile, si sahihi kudai kwamba simu haiwezi kulibeba neno lenye msemaji. Binti anayeishi mbali akimsomea zaburi mama yake ambaye macho yamefifia, kwa ujumbe wa sauti, ametumia chombo kilekile kulirudishia neno sauti na uhusiano. Mama anaweza kumpigia na kumuuliza kwa nini alichagua zaburi ile. Mfano huu haumudu kueleweka ndani ya mfumo wa Ellul, ambamo chombo huelekea kuyameza matumizi yote. Kwa upande mwingine, mimbari haina kinga. Mhubiri anayetupa mistari kwa hadhira isiyoruhusiwa kuuliza ameleta kanisani ugonjwa uleule ambao huenda anaulaumu katika simu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba Neno la Mungu halihitaji mtu wa kulitetea, kwa kuwa Isaya 55:11 hufundisha kwamba halirudi bure, na kwamba wapo walioinuliwa na mstari uliowafikia kwa bahati. Makala haikatai hilo. Lakini Matendo ya Mitume sura ya 8 inaonesha utaratibu wa kawaida. Towashi wa Kushi alikuwa na chuo cha Isaya mkononi na alikisoma kwa sauti garini. Hakupungukiwa na matini. Alipungukiwa na mtu wa kumwongoza, na alisema hivyo waziwazi (8:31). Filipo hakumlaumu kwa kushika kifungu kimoja. Alipanda garini, akaketi naye, akaanzia palepale (8:35).

7.0 Hitimisho

Makala imebainisha mambo matatu. Kwanza, Ellul aliona kwa usahihi kwamba neno bila nafsi hudhalilika, na onyo hilo linalihusu kanisa linalotumia Kiswahili leo. Pili, chimbuko la tatizo si simu wala taswira kwa namna alivyolieleza. Kutengwa kwa mstari kulianza na namba na chapa, na Kiswahili, kupitia khanga, methali na utenzi, kinafundisha kwamba usemi mfupi unaoonwa kwa macho unaweza kuwa hai kabisa. Tatu, kipimo kinachofaa ni uwajibikaji: nani anasema, anamwambia nani, na je, yuko tayari kujibiwa?

Matokeo yake kwa uhakiki ni kwamba tafiti za maandishi ya kwenye vyombo vya usafiri, khanga na mitandao ya kijamii zisiishie kuorodhesha maudhui na mbinu za lugha. Zifuatilie pia safari ya usemi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na mahali safari hiyo inapokatika. Matokeo yake kwa muumini ni ya kila siku. Kabla ya kuutuma mstari kwa aliyefiwa, aliyefukuzwa kazi au aliye kitandani, mtumaji ajiulize kama angeweza kuutamka mbele ya mtu huyo, kisha akae kusubiri jibu lake. Asipoweza, huenda siku saba za ukimya za rafiki zake Ayubu zikamfaa zaidi yule mtu, mradi tu awe ameketi karibu naye.